Gia moja au gia nyingi: baiskeli ipi kwa barabara za Uganda?

Muuzaji akikuonyesha baiskeli yenye gia 21, usikimbilie kuuliza bei. Jiulize kwanza ni gia ngapi zitakuwa bado zinaingia baada ya misimu miwili ya mvua. Baiskeli ya mtumba ikishapigwa na vumbi na tope bila fundi anayeielewa, hubaki na gia mbili au tatu zinazoingia bila kelele, na mwenyewe huishia kuchagua moja ya katikati akaiacha humo. Huyo tayari anaendesha gia moja, ila bado anabeba uzito na matengenezo ya gia 21.

Tunalinganisha hapa baiskeli mbili. Ya kwanza ni ile ndefu nyeusi ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za fimbo, sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) moja nyuma. Waganda huiita gaali, jina lililotokana na neno letu la Kiswahili "gari", au maanyi ga kifuba, yaani nguvu za kifua. Baiskeli za namna hii ndizo zilizozaa bodaboda kule Busia katika miaka ya 1960, zikivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Ya pili ni baiskeli ya milimani: magurudumu ya inchi 26, tairi pana, sproketi tatu mbele na sita au saba nyuma. Ipo pia ya tatu, nayo ni hiyo ya milimani iliyong'olewa gia. Tutaifikia, maana kwa wengi wanaoishi mjini ndiyo inayofaa kuliko zote mbili.

Mzunguko mmoja wa pedali unakufikisha wapi

Maneno ya "gia nzito" na "gia nyepesi" hayasaidii sana dukani. Hesabu meno. Gawanya meno ya sproketi ya mbele kwa meno ya ile ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Mzingo wa tairi ya 28 × 1½ ni karibu mita 2.24, na wa 26 × 1.95 ni karibu mita 2.05.

| Baiskeli, meno mbele/nyuma | Mita kwa mzunguko mmoja | Mwendo kwa mizunguko 60 kwa dakika |
|---|---|---|
| Gaali 44/18 | 5.5 | km 20 kwa saa |
| Gaali 44/20 | 4.9 | km 18 |
| Gaali 44/22 | 4.5 | km 16 |
| Milimani 48/14 (gia ya juu kabisa) | 7.0 | km 25 |
| Milimani 28/28 (gia ya chini kabisa) | 2.05 | km 7 na kidogo |
| Milimani iliyong'olewa gia, 38/20 | 3.9 | km 14 |

Tazama gia ya juu kabisa. Mita 7 kwa mzunguko, kwenye barabara ya marramu yenye mashimo, ni gia ya kuiona kwenye karatasi. Anayeweza kuizungusha mara 60 kwa dakika kwa muda mrefu hahitaji ushauri wetu. Kwa mtu wa kawaida, kati ya zile gia 21 za kutangaziwa, nyingi zinarudia umbali uleule kwa njia tofauti, na zinazotumika kweli ni tano au sita.

Gia ya chini, hiyo ndiyo yenye maana. Chukua mwendeshaji wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 40 kwenye keria. Kwenye mwinuko wa asilimia 5, juu ya marramu iliyoshikana, mlima na ukinzani wa tairi kwa pamoja hukuvuta nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 8 hivi. Ukiwa na 44/18 na kranki (mkono unaobeba pedali) ya milimita 170, pedali inapofika mbele kabisa lazima uikanyage kwa zaidi ya kilo 60, yaani karibu uzito wa mwili wako wote, kila unapokanyaga. Badilisha friwili tu (sproketi ya nyuma, inayozunguka bure usipokanyaga), uweke ya meno 22, na hiyo hushuka hadi kilo 54 hivi. Kwa 28/28 ni kilo 25, kazi ya mtu aliyekaa kwenye kiti na anaweza kuongea.

Ndiyo maana mwenye gaali hufika kwenye kilima akashuka na kusukuma. Wala si aibu: kusukuma ndiyo gia yake ya pili, na haiharibiki. Mwenye 28/28 anapanda kwa kilomita 7 kwa saa, anayesukuma anakwenda 4. Kama kilima chako ni cha mita 300, tofauti haizidi dakika mbili. Kama ni cha kilomita 6, hilo ni jambo jingine kabisa.

Ni rahisi kuujua mwinuko wa barabara yako bila kifaa cha kununua. Chukua fimbo iliyonyooka ya mita moja na chupa ya maji iliyojaa nusu. Laza fimbo barabarani kuelekea juu, chupa juu yake, kisha inua ncha ya upande wa chini mpaka maji yakae sawa. Pima pengo kati ya ncha hiyo na ardhi. Kila sentimita ni asilimia moja. Hadi 3, gaali yoyote inapita na mzigo. Kati ya 4 na 6, weka friwili ya meno 20 au 22. Kuanzia 7 na mzigo, ama uwe na gia ama ujiandae kusukuma. Bila mzigo, kijana mwenye miguu mizuri atapanda asilimia 7 kwa 44/18 akiwa amesimama kwenye pedali, lakini si kwa muda mrefu.

Mzigo: hapa gaali inashinda, na sababu si uzito wa chuma

Watu husema gaali inabeba kwa sababu ni nzito. Uzito unasaidia kidogo, lakini siri iko kwenye gurudumu la nyuma. Gaali kwa kawaida ina spoki 32 mbele na 40 nyuma, wakati ya milimani mara nyingi ina 36. Tena sproketi ikiwa moja, habu, yaani kitovu cha gurudumu, hukaa karibu katikati ya fremu, na spoki za kushoto na kulia huvutwa karibu sawa. Sproketi saba zinachukua zaidi ya sentimita 3 upande wa kulia, hivyo rimu hulazimika kusogezwa kuelekea huko: spoki za kulia zinakaza sana, za kushoto zinalegea, na spoki zisizovutwa sawa huchoka na kukatika mapema.

Ekseli nayo ina shida yake. Kwenye habu ya friwili ya gia sita au saba, gololi za upande wa kulia ziko ndani, chini ya sproketi, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki nje bila kushikiliwa. Funga jerikeni nne za lita 20, ambazo ni kilo 80 za maji, pita kwenye matuta ya barabara, na ekseli hiyo itapinda au kukatika palepale inapotokea kwenye gololi. Fundi atakuuzia nyingine, nayo itakatika vilevile. Kosa si la ekseli. Baiskeli hiyo haikuundwa kwa kazi ya jerikeni, mkungu wa matoke au gunia la makaa, na keria yake ya kufungwa kwa skrubu mbili nyembamba itakuonyesha hilo mapema zaidi.

Kwa hiyo kama baiskeli ni ya kazi, na kazi iko Soroti, Kumi, Pallisa, Lira au kwenye tambarare za Tororo na Busia, hakuna cha kujadili: gaali, friwili ya 18 au 20, basi. Jambo la kuangalia kabla ya kulipa ni urefu wa fremu. Gaali nyingi ni ndefu. Simama juu ya bomba la kati ukiwa na viatu vyako vya kila siku. Kama nyayo hazigusi chini zote mbili, tafuta ndogo. Anayevaa gomesi au sketi achukue fremu yenye bomba lililoshushwa, ila ajue hiyo hupinda zaidi chini ya mzigo mkubwa.

Kushuka

Kila mtu huuliza kuhusu kupanda, na wachache huuliza kuhusu kushuka. Breki za fimbo husukuma raba kwenye upande wa ndani wa rimu ya chuma iliyopakwa kromu. Pakavu zinafanya kazi yake. Mvua ikinyesha, rimu hiyo huteleza kama sahani yenye mafuta, na umbali wa kusimama huongezeka mno. Baiskeli ya milimani yenye rimu za alumini na breki za kubana kwa pande mbili husimama vizuri zaidi hata ikilowa. Usidanganywe na rangi ya fedha, maana zipo za milimani zenye rimu za chuma. Beba sumaku ndogo: ikinata, ni chuma.

Kwa Kabale, Kisoro, Kapchorwa au Bundibugyo, hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuchagua ya milimani, kabla hata ya gia. Ukiwa na gaali huko, wakati wa mvua bana breki kidogo kidogo kwa mizunguko kadhaa ili zifute maji kabla hujazihitaji, na ukiwa na mzigo wa kilo 80 shuka utembee. Tena kagua vijiti vya breki: skrubu moja ikilegea, fimbo yote inakuwa pambo.

Kinachoharibika, na nani atakitengeneza

Gaali nayo ina magonjwa yake, na lile maarufu ni kota pini. Kila ukizungusha pedali unasikia "tok", mahali palepale. Pini imelegea inapobana kranki. Ukiendelea hivyo wiki mbili, pini inakula tundu la kranki na kranki yenyewe inakwenda. Dawa: toa nati, weka kipande cha bomba la chuma kiwe nguzo chini ya kranki, ndipo upige pini kwa nyundo. Anayepiga bila nguzo anapitisha pigo kwenye gololi za kati na kuharibu njia zinamozungukia. Nenda dukani na pini ya zamani mkononi, kwa kuwa vipimo vinatofautiana kidogo. Pini mbili lazima ziingie kwa mielekeo ya kupingana, la sivyo kranki hazitakaa kwenye mstari mmoja. Igonge iingie, kaza nati, endesha kilomita chache, kisha igonge na kuikaza tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo mafundi wenye haraka huiruka.

La pili ni friwili kuteleza: unakanyaga, pedali inakimbia bila kuvuta. Ndani kuna vijino viwili vinavyosukumwa na springi, navyo vimeganda kwa tope au kwa grisi. Laza gurudumu, mimina mafuta ya taa huku ukizungusha friwili kinyume mpaka yanayotoka yawe safi, acha yakauke, kisha tia oili nyepesi. Usitie grisi, ndiyo inayogandisha vijino. Ikiteleza tena, nunua nyingine. Duka la spea la mji mdogo huwa nayo, pamoja na cheni na pini. Usiisimamie pedali ya friwili inayoteleza, utaangukia usukani.

Kwenye cheni, tofauti ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Cheni ya gaali ni pana, inchi ⅛ kwa ndani, na inakwenda moja kwa moja. Ya gia ni nyembamba, 3/32, na hukaa mshazari sehemu kubwa ya maisha yake. Cheni nyembamba haiingii kwenye sproketi nene ya gaali. Kupima uchakavu, hesabu nafasi 24 kutoka pini hadi pini: mpya ni milimita 304.8. Kwa baiskeli ya gia, badilisha ikifika 306.5, la sivyo itaharibu sproketi zote na cheni mpya itaruka. Kwa gaali unaweza kuisukuma hadi 308, kwa sababu cheni na sproketi mbili zinachakaa pamoja na kuelewana. Kaza kwa kurudisha gurudumu nyuma mpaka cheni ichezecheze sentimita 1 hadi 1.5 katikati, ukipima pale inapokaza zaidi. Ikikazwa kama uzi wa gitaa inakula gololi, ikilegea inatoka. Kiungo cha klipu kifungwe upande wake uliozibwa ukitangulia kule cheni inakoelekea.

Na tafadhali, si oili chafu ya injini. Ni ya bure gereji, lakini ina vumbi la chuma ndani yake, na juu ya marramu hugeuka msasa. Tone moja la oili safi kwa kila kiungo, zungusha, futa kwa kitambaa mpaka nje pakauke.

Upande wa gia nyingi, ongeza juu ya hayo: waya mbili na mifuko yake inayoshika kutu, swichi mbili za usukani, kifaa cha kuhamisha cheni mbele na kingine nyuma, na magurudumu mawili madogo ya plastiki yanayochakaa kwa vumbi. Hiki cha nyuma kinaning'inia upande wa kulia, sentimita chache kutoka ardhini. Baiskeli ikiangukia kulia, au ikilazwa juu ya matatu na mizigo mingine juu yake, kinapinda kuelekea ndani. Siku utakayoingia gia ya chini kabisa kwenye kilima, kitanasa kwenye spoki na kuvunja vyote kwa pamoja. Simama nyuma ya baiskeli uangalie: sproketi na vile vigurudumu vidogo viwili viwe kwenye mstari mmoja wima. Visipokuwa hivyo, usinunue mpaka vinyooshwe.

Ukiamua gia nyingi, chagua swichi za kusogeza kwa mkono bila "klik". Hizo zinafanya kazi hata waya ukilegea na hata ukibadilisha friwili ya sita kwa ya saba; za "klik" zikipotea nusu milimita, zinaanza kusaga.

Kuing'oa gia ya milimani

Sasa ile ya tatu. Kwa Kampala, mtu anayeishi bondeni, tuseme Bwaise au Nalukolongo, akaenda kazini bila mzigo mkubwa, anahitaji breki nzuri, tairi pana na kitu kisichoharibika. Mita 4 hivi kwa mzunguko zitamtosha: 38/20 au 34/18. Kololo na Muyenga atashuka asukume, kama wengine.

Ondoa swichi, waya na kifaa cha mbele. Sproketi tatu za mbele mara nyingi zimepigwa riveti, ziache, tumia ya katikati. Fungua friwili ya nyuma kwa kifaa chake (chukua habu kwa fundi mwenye jiliwa, mkono mtupu hautoshi). Habu ikiwa ya friwili ya kufungwa kwa kuzungushwa kwenye uzi wa skrubu, friwili moja ya gaali huingia palepale, uzi ni uleule. Lakini angalia upana wa meno: ikiwa nene, nunua cheni ya ⅛, nayo itapita pia kwenye sproketi nyembamba ya mbele, kwa kelele kidogo.

Sproketi mpya itakaa ndani mno, karibu na spoki. Hamisha ringi za ekseli kutoka kulia kwenda kushoto, habu isogee kulia, kisha fundi avute spoki mpaka rimu irudi katikati. Hapo unapata ule usawa wa spoki tuliousifia kwenye gaali. Cheni ionekane imenyooka kabisa ukichungulia kutoka nyuma. Ikiwa mshazari itakuwa inatoka.

Halafu angalia mahali ekseli inapoingia kwenye fremu. Kama mdomo umelala, unaweza kurudisha gurudumu nyuma na kukaza cheni, kazi imekwisha. Kama umesimama wima, gurudumu halisogei, na cheni italegea ndani ya mwezi. Usitupe kile kifaa cha nyuma: kiache bila waya, kishike cheni tu, na ukaze skrubu ya kikomo inayokizuia upande wa nje mpaka vigurudumu vyake vikae chini ya sproketi yako. Springi yake ndiyo itakayokaza cheni.

Kinyume chake, kuitia gaali gia saba, hatushauri. Nafasi ya habu kwenye fremu yake ni milimita 110 hivi, na habu ya gia inataka 126 au zaidi. Atakayekuambia fremu itanyooshwa kwa nguvu kidogo anasema kweli, ila hataki kukuambia nini kitatokea ukiweka jerikeni.

Ukikuta kwenye mtumba gaali yenye gia tatu ndani ya habu, kama zile za Sturmey-Archer, kampuni iliyoanza Nottingham mwaka 1902, ijaribu zote tatu kabla ya kulipa. Zikiingia, ni mali. Ikishindwa moja, ihesabu kama gaali ya kawaida na ulipe hivyo, maana spea zake hazipo kwa fundi wa kona. Baiskeli isiyo na friwili kabisa, ambayo pedali huzunguka daima, iachie uwanja wa mashindano. Kushuka kilima chochote cha Kampala nayo ni kujitafutia nyuzi.

Lipo pia jambo moja la zamani ambalo halijapitwa na wakati. Tour de France ilikataza vifaa vya kuhamisha cheni hadi mwaka 1937, na waliovuka milima ya Alps kabla ya hapo walitumia habu yenye sproketi pande mbili: moja ya tambarare, nyingine ya mlima. Wakifika chini ya mlima walifungua gurudumu, wakaligeuza, wakaendelea. Habu ya uzi pande mbili ukiipata, friwili ya 18 upande mmoja na ya 22 mwingine zinawezekana kwenye gaali yako pia, mradi mdomo wa fremu una nafasi ya kusogeza ekseli kwa tofauti ya hayo meno manne, ambayo ni kama sentimita moja na robo. Beba spana ya nati za ekseli mfukoni.